Simba Yafungwa

Tarehe 19 Mei 2018 nilikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, nimevaa jezi nyekundu ya kuazima. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, sina hela ya jezi yangu mwenyewe. Simba walikuwa mabingwa tayari. Tulikwenda kuona kombe likikabidhiwa, na Rais John Magufuli ndiye alikuwa anakuja kulikabidhi. Mchezo wenyewe hakuna aliyeujali sana. Kagera Sugar walikuwepo kama vijana wanaoitwa kupanga viti kwenye harusi: bila wao shughuli haifanyiki, lakini kwenye picha hawamo.

Dakika zikiwa zinayoyoma, Edward Christopher akafunga. Kijana huyo alilelewa na Simba wenyewe. Mwishoni kabisa Simba wakapata penalti. Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa msimu kwa mabao 20, akaenda kupiga. Golini alikuwa Juma Kaseja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kipa wa Simba. Kaseja akaiokoa. Mpira ukaisha Simba 0, Kagera Sugar 1. Simba walikuwa wamecheza mechi 28 za ligi bila kupoteza hata moja. Ya 29 waliipoteza mbele ya Rais wa nchi, kombe likiwa limewekwa mezani linawasubiri.

Nilikaa chini nikashika kichwa. Kaka mmoja aliyekaa jirani yangu, naye amevaa nyekundu, akanipa pole. Tukaanza kuongea, kama watu wanavyoongea msibani. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Bukoba.

Akanitazama. "Sasa unalia nini? Si timu yenu hiyo iliyoshinda?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka, naye akacheka, tukaendelea na huzuni yetu.

*

Swali lile lilikaa kimya kichwani mwangu kwa miaka saba. Lilirudi mwaka 2025. Msimu wa 2024/25 nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu mchezo mmoja, ule wa Yanga na Simba uliokuwa uchezwe Machi 8 ukaahirishwa siku yenyewe. Miezi ikapita watu wanauliza utachezwa lini, nani alikosea, nani apewe pointi. Mchezo ulichezwa mwishoni mwa Juni. Katikati ya kelele hizo Kagera Sugar walishuka daraja. Nilijua kwa bahati tu, nikiwa natafuta habari nyingine kwenye simu. Ilikuwa mistari minne. Niliisoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikamkumbuka yule kaka.

Ndipo nikaanza kuurudia msimu wa 2017/18, safari hii kama msomaji. Msimu wa ligi una mwanzo, kati na mwisho. Una wahusika, una wasimulizi, una wasikilizaji wanaojua wanachotaka kusikia. Ukiusoma kama tunavyosoma riwaya, maswali ya kawaida ya uhakiki yanafanya kazi: nani mhusika mkuu? Nani anatajwa kwa jina, na nani anaitwa tu "wapinzani"? Nani anasimulia, na anamsimulia nani?

Hadithi tuliyosimuliwa msimu ule ilikuwa hivi. Simba hawakuwa wamegusa ubingwa tangu 2011/12. Baada ya hapo Yanga walichukua, Azam wakachukua 2013/14 bila kufungwa mchezo hata mmoja, kisha Yanga wakachukua mara tatu mfululizo. Mwaka 2017 Simba wakafungua pochi. Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco wakatoka Azam. Haruna Niyonzima akavuka kutoka Yanga. Okwi akarudi kutoka kwao Uganda. Mchezo wa kwanza wa ligi, Agosti, Ruvu Shooting wakapigwa 7-0, Okwi akifunga manne peke yake. Ilikuwa sura ya kwanza ya hadithi ya kisasi, na ilikuwa tamu.

Desemba ikaja misukosuko. Kwenye Kombe la Shirikisho Simba, wakiwa mabingwa watetezi, walitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Kocha Joseph Omog akaondoka. Mwezi huohuo Mohammed Dewji alikuwa ametangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza Sh bilioni 20 ndani ya klabu. Masoud Djuma akashika timu kwa muda, Januari akaja Mfaransa Pierre Lechantre. Aprili 29 bao la Nyoni likawamaliza Yanga 1-0. Mwisho wa msimu Simba walikuwa na pointi 69, Azam 58, Yanga 52.

Hadithi nzuri. Ina kuanguka na kuinuka, ina tajiri, ina mtu aliyerudi nyumbani. Shida yake ni kwamba ligi ilikuwa na timu 16, na mimi nimeimaliza kuisimulia kwa kuzitaja timu tatu tu kama watu, na nyingine kama mahali pa kupita.

Tazama siku ubingwa wenyewe ulipopatikana. Ilikuwa Mei 10, na Simba hawakucheza. Yanga walikuwa wametoka Algeria, ambako siku nne kabla walifungwa 4-0 na USM Alger, wakaenda moja kwa moja kucheza na Tanzania Prisons, Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Prisons wakawafunga 2-0. Kwa lugha nyepesi, ubingwa wa Simba uliamuliwa Mbeya na timu ya Jeshi la Magereza. Prisons walimaliza msimu huo nafasi ya nne, juu ya timu 12. Jaribu kumuuliza shabiki yeyote wa mpira nani alikuwa wa nne mwaka 2018. Nimejaribu. Mmoja aliniambia, "Wa nne? Wa nne anapewa nini?"

*

Kwanza lugha, maana humo ndimo mambo haya yanapoanzia.

Chukua kichwa cha habari cha kawaida kabisa: Simba Yafungwa. Maneno mawili. Angalia nani kiima. Aliyefanya kitendo ni Kagera Sugar. Ndio waliokimbia, ndio waliopiga, ndio waliofunga. Lakini kauli ya kutendwa imewatoa kwenye sentensi. Hata siku Simba wanaposhindwa, wao ndio wenye sentensi. Tofauti ya "yafunga" na "yafungwa" ni herufi moja, na ndani ya herufi hiyo timu nzima ya Bukoba imepotea. Tungeweza kuandika Kagera Yashinda. Hatuandiki, kwa sababu tunajua msomaji atauliza: imemshinda nani?

Chukua neno kukamia. Timu ya mkoani ikicheza vizuri dhidi ya Simba au Yanga, tunasema imekamia. Hatusemi imejiandaa, hatusemi ina kocha mzuri, hatusemi imesoma udhaifu wa mpinzani. Imekamia, maana yake imetumia nguvu isiyo yake ya kawaida, imefanya jambo lisilo la haki kidogo, kama mtoto anayempiga mkubwa wakati amegeuka. Simba wakicheza kwa nguvu hawakamii. Wanacheza mpira. Siku ile Taifa nililisikia neno hilo pande zote: hawa jamaa wamekamia. Kocha wa Kagera alikuwa Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Mtibwa na Taifa Stars, mtu anayeujua mpira wa nchi hii kwa kina. Alichopanga siku ile hakikupewa jina lingine zaidi ya kukamia.

Chukua neno kiporo. Timu ikiwa na mechi za Afrika, mechi zake za ligi zinasogezwa mbele, tunaziita viporo. Ni neno zuri, linanukia jikoni. Lakini kiporo kina upande wa pili. Timu iliyokuwa icheze Jumamosi sasa inakaa, inakula, inalala, inangoja tarehe mpya, na yenyewe haikwenda Afrika. Chakula kilichobaki mezani kwa Yanga ni chakula ambacho Mtwara au Njombe hawakula kwa wakati wake. Neno linamtazama mwenye meza peke yake.

Na chukua hilo la timu za mikoani. Dar es Salaam nayo ni mkoa. Lakini hakuna anayeiita Azam timu ya mkoani. Mkoani ni kule ambako Simba "wanakwenda". Wachambuzi hukaa kabla ya mzunguko wa pili wakahesabu mechi ngumu za ugenini: Mbeya baridi, Kaitaba kapeti la nyasi bandia, Nangwanda joto. Ni hesabu ya mtu wa safari. Miji ya watu inageuka hali ya hewa.

*

Sasa soma majina ya timu zile 16, polepole. Kagera Sugar na Mtibwa Sugar ni viwanda vya sukari. Prisons ni magereza. Ruvu Shooting ni jeshi. Mwadui ni mgodi wa almasi. Mbao ni wafanyabiashara wa mbao wa Mwanza. Stand United ni stendi ya mabasi Shinyanga, watu wa stendi walioanzisha timu yao mpaka ikafika Ligi Kuu. Mbeya City ni ya halmashauri ya jiji. Majimaji ya Songea imebeba jina la vita vya watu waliopigana na Mjerumani. Sijui orodha nyingine inayoonyesha kwa ufupi namna hiyo jinsi nchi hii inavyokula, inavyofanya kazi na inavyokumbuka.

Simba na Yanga nao walianza hivyohivyo, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na vijana wa Kariakoo, wakati wa ukoloni. Mapenzi ya Watanzania kwa klabu hizo hayakutengenezwa na televisheni. Yalikuwepo kabla ya redio kufika kila nyumba. Mtu wa Kigoma na mtu wa Lindi ambao hawana lugha ya nyumbani inayofanana wanaweza kukaa kwenye basi moja na kutaniana safari nzima kwa sababu mmoja ni Simba na mwingine Yanga. Nchi nyingi zinatamani kitu cha namna hiyo. Na hata kwa hesabu za fedha, siku Simba au Yanga wanapokuja mkoani ndiyo siku mlango unapotoa hela ya maana. Wauza karanga, wenye bodaboda, nyumba za wageni, wote wanaijua tarehe. Mtu akiniambia ligi hii bila wawili hao ingekufa, sitabishana naye.

Kwa hiyo sisemi tuwapende kidogo. Nasema mapenzi hayo yametufanya wasomaji wavivu. Tunasoma ukurasa mmoja kati ya minane, halafu tunasema tumekimaliza kitabu.

Baba yangu ni mfano mzuri. Ni shabiki wa Simba tangu enzi za redio ya mbao. Januari 2018 Simba walikuja Bukoba, na baba alikwenda Kaitaba. Alinisimulia kwa simu baadaye, kwa furaha kabisa, jinsi uwanja ulivyokuwa mwekundu. Simba walishinda na uwanja ulilipuka. Sikuona ajabu yoyote wakati ule. Ni baadaye nilipokaa na kuwafikiria wachezaji wa Kagera wakiingia katika uwanja wao wa nyumbani, katika mji wao, jirani na ziwa lao, wakakuta watu wa mji huo wamevaa nguo za wageni wao. Mchezaji wa namna hiyo anacheza ugenini mechi zote mbili. Halafu akishinda tunamwambia amekamia.

*

Turudi kwenye penalti, maana ndani yake kuna hadithi ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa ameitia chumvi.

Mei 6, 2012, Simba waliwafunga Yanga 5-0. Kila shabiki anaikumbuka siku hiyo, wa Simba kwa kicheko na wa Yanga kwa kugeuza mada. Ndio uliokuwa msimu wa mwisho wa ubingwa kabla ya ukame. Katika mabao matano ya siku ile, mawili alifunga Okwi. Jingine, kwa penalti, alifunga kipa. Kipa huyo alikuwa Juma Kaseja. Patrick Mafisango naye alifunga penalti siku ile, na siku chache baadaye akafariki kwa ajali ya gari hapahapa Dar es Salaam.

Miaka sita baadaye, siku Simba wanapokea kombe la kwanza tangu lile, Okwi anaweka mpira kwenye alama ya penalti, na aliyesimama mbele yake ni Kaseja. Watu wawili waliofunga mabao katika siku tamu kuliko zote za ukoo ule, sasa mmoja amebaki ndani na mwingine yuko nje, amepita Yanga, amepita Mbeya City, amefika kiwanda cha sukari. Okwi anapiga. Kaseja anaokoa.

Nilikuwepo, na sikuona chochote kati ya hayo. Niliona Okwi amekosa.

Hiki ndicho ninachokiita kusoma vibaya. Tatizo halikuwa kukosa taarifa. Wote tulimjua Kaseja, wengine uwanjani walimwimba miaka iliyopita. Tatizo lilikuwa kwamba tulikuja na kitabu kilichokwisha kuandikwa. Katika kitabu hicho Simba walikuwa wanamaliza msimu bila kufungwa, kama walivyofanya 2009/10, na kila kilichokwenda tofauti na hapo kilikuwa kosa la uchapaji. Mzee aliyekuwa anakaribia mwisho wa safari yake ya mpira alifanya kazi bora ya mwaka mbele ya Rais na maelfu ya watu, na sisi tukasema tumekosa penalti.

Msomaji mkali wa siku ile, ajabu, alikuwa Rais mwenyewe. Aliposimama kuzungumza hakuficha kwamba mpira wa Simba haukumfurahisha, na kwamba kwa kiwango kile wasitegemee ubingwa wa Afrika. Watu walicheka, wengine walinuna. Naamini alikuwa sahihi kuhusu mchezo wa dakika 90 alioutazama. Lakini hata yeye alimsoma mhusika yuleyule. Alieleza kwa nini Simba walikuwa wabaya. Sikumbuki mtu yeyote siku ile, jukwaani wala kwenye vibanda umiza wala kwenye basi la kurudia chuo, aliyeeleza kwa nini Kagera walikuwa wazuri. Timu iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,300 ikashinda sherehe ya mtu ilipanda basi ikaondoka.

*

Kwenye ligi yetu kipindi cha mwisho cha msimu tunakiita lala salama. Kila mwaka lala salama ina hadithi mbili, ya juu na ya chini, na ya chini ndiyo yenye machozi ya kweli, kwa sababu anayekosa ubingwa atajaribu tena Agosti, lakini anayeshuka huenda asirudi.

Mwaka ule mchezo wa mwisho wa bingwa ulikuwa Songea, dhidi ya Majimaji. Simba walikwenda wakiwa na kombe lao tayari, hawana wanachohitaji. Majimaji walihitaji kila kitu. Ilikuwa sare. Majimaji wakashuka pamoja na Njombe Mji, waliokuwa wamepanda msimu huohuo. Klabu iliyowahi kutwaa ubingwa miaka ya 1980, wakati timu za mikoani zilikuwa zinauchukua na kuondoka nao, ilitoka Ligi Kuu siku ambayo habari kubwa ilikuwa bingwa kufikisha pointi 69.

Vijana wa umri wangu hatujui kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa 1999 na 2000. Kiwanda cha sukari cha Turiani kilishika kombe miaka miwili mfululizo. Tangu hapo kombe limekaa kwa Simba, Yanga, na mara moja tu kwa Azam. Robo karne sasa. Kwa mtu aliyezaliwa mwaka 2000, Mtibwa bingwa ni kama ngano za sungura.

Msimu uliofuata, 2018/19, ligi iliongezwa kutoka timu 16 hadi 20, mechi 38 kwa kila timu, na ikaanza bila mdhamini mkuu. Piga picha ya mhasibu wa timu ya mkoani anayepanga nauli ya kwenda Bukoba, Mtwara, Mbeya na Mwanza kwa msimu wa namna hiyo. Stand United wakashuka 2019. Mwaka 2020 wakashuka Singida United, Lipuli, Ndanda na Mbao. Mwadui 2021. Ruvu Shooting na Mbeya City 2023. Mtibwa 2024. Kagera Sugar 2025. Wapo waliorudi baadaye, Mbeya City na Mtibwa. Lakini hesabu ni hii: katika timu 16 zilizocheza msimu ule niliousherehekea, ndani ya miaka saba 12 zilishuka. Nne tu hazikuguswa: Simba, Yanga, Azam na Prisons.

Najua kushuka daraja ni sehemu ya mchezo, na kila timu ina sababu zake: uongozi, fedha, wachezaji walioondoka. Sitasema timu inashuka kwa sababu magazeti hayakuiandika. Ila najua kwamba mdhamini hufuata macho, na macho hufuata hadithi. Kitu kisichosimuliwa hakina wa kukidai kikipotea. Kagera Sugar ilipokuwa inazama msimu mzima wa 2024/25, sisi watu wa Bukoba tuliosambaa nchi hii tungeweza angalau kupiga kelele. Tulikuwa tunabishana kuhusu Machi 8.

*

Mambo yamebadilika kidogo. Siku hizi mechi nyingi zaidi zinaonyeshwa, na wapo vijana wanaochambua timu zote kwa takwimu na michoro, hadi Prisons na Mashujaa wa Kigoma. Nawafuata. Lakini nikifungua maoni chini ya kazi zao, mtu wa tatu au wa nne huwa ameshauliza: hii inahusiana nini na Simba? Nami nikiwa mkweli, mara nyingi nimeishia katikati ya uchambuzi wa namna hiyo na kwenda kutafuta kikosi cha Simba cha kesho. Tabia niliyoilea miaka ishirini haiondoki kwa kuandika makala moja.

Nimebaki na simu ya usiku ule wa Mei 2018. Nilikuwa nimerudi chuo, nimekaa kitandani na jezi ya watu, nimechoka. Baba akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa uwanjani?"

"Nilikuwepo."

"Umetuona?"

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani ni huzuni. Baba ni Simba kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha majina ya wachezaji kabla sijajua kusoma. Nikamwonea huruma.

"Nimeona baba. Tumefungwa."

Akanyamaza muda mrefu kidogo. Nikasikia nyuma yake watu wanaongea Kihaya kwa sauti ya juu, mtu anacheka, kama penye sherehe ndogo.

"Haya," akasema. "Lala salama."